Kapsuli za omega-3 za "kuimarisha kinga": miezi 6 nimezimeza nikiwa na homa ya ini B

Nyota 3 kati ya 5. Mafuta yenyewe ningeyapa 4, ila yale maneno manne ya mbele ya chupa yameshusha kila kitu na ndo maana naandika kirefu hivi, mnivumilie. Yameandikwa kwa rangi ya dhahabu: "Huimarisha kinga, hufukuza virusi."

Ningekuwa sina tatizo lolote la kiafya ningeandika mistari miwili nikaondoka. Lakini mimi naishi na kirusi cha homa ya ini B, huu mwaka wa 9 tangu nijue, nilijulia siku niliyoenda kuchangia damu, nikaitwa pembeni nikaambiwa damu yako hatutaitumia. Nameza tenofovir, dawa ya kukikandamiza kirusi hiki, kidonge kimoja kila usiku. Sasa mtu kama mimi akisoma "hufukuza virusi" moyo unaruka jamani, hata kama akili inakataa moyo unaruka tu. Na sio mimi peke yangu, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 tulikuwa watu kama milioni 254 tunaoishi na kirusi hiki, na hapo sijahesabu wenye VVU wala wenye homa ya ini C. Hilo neno moja kwenye chupa linasomwa na watu wengi sana wenye kiu.

Nianze na kapsuli zenyewe kabla sijafika kwenye hasira zangu.

Chupa ni nyeusi, plastiki nzito, hiyo nimeipenda maana mwanga ni adui mkubwa wa mafuta ya samaki. Ndani kapsuli 120, rangi ya asali, laini, ndefu karibu sawa na kiungo cha juu cha kidole gumba. Kama unapata shida kumeza vidonge vikubwa jua mapema kwamba hizi zitakusumbua, mimi wiki ya kwanza nilikuwa nakunywa glasi nzima ya maji kwa kapsuli moja. Mbele wameandika 1000 mg kwa herufi kubwa, ukigeuza nyuma kwenye maandishi madogo unakuta EPA 180 mg na DHA 120 mg, yaani kwenye hiyo 1000 ni 300 tu ndo omega-3 unazozitafuta, zilizobaki ni mafuta mengine ya samaki. Sio wizi, ndo kawaida ya mafuta ya samaki ambayo hayajakolezwa, lakini wengi hawageuzi chupa. Dozi wanayopendekeza ni kapsuli 2 kwa siku kwahiyo unapata 600 mg. Mbweu zipo. Ukimeza tumbo tupu utapiga mbweu za shombo mpaka mchana, ukimeza katikati ya mlo wenye mafuta mafuta zinapungua sana, hilo nimelithibitisha mwenyewe, na pia omega-3 zinafyonzwa vizuri zaidi.

Sasa kuna kitu nafanya na kila chupa mpya na nashauri kila mtu afanye. Natoboa kapsuli moja kwa pini naikamulia kwenye kijiko cheupe, naangalia, nanusa, nalamba kidogo. Chupa ya kwanza yalikuwa manjano ya kung'aa, shombo la mbali kama upepo wa pwani, ulimini laini bila ukali wowote. Chupa ya pili, ya duka lilelile, lebo ileile, tone lilitoka zito limeiva rangi, na harufu ilikuwa ile ya rangi ya mafuta ya kupaka milango, nikilamba koo linawasha. Hayo yameharibika. EPA na DHA zina viungo vingi dhaifu kwenye mnyororo wake, EPA vitano na DHA sita, na oksijeni inavipenda hivyo viungo kama mchwa anavyopenda mbao laini, chupa ikikaa kwenye joto kwenye usafirishaji ndo hivyo tena. Kwa mtu ambaye ini lake lina kazi nyingi tayari sioni sababu ya kumeza mafuta yaliyooza. Niliwaandikia wakanibadilishia bila maneno mengi, hapo nawapa haki yao. Chupa ya tatu ilikuwa nzima.

Haya, kwenye "huimarisha kinga". Hapa ndo nilipokaa usiku mwingi nasoma, maana mimi ni mtu wa maabara kwa kazi yangu, napima damu za watu kutwa, nikajiuliza hivi mafuta yanaingiaje kwenye habari za kinga, ni biashara tu au kuna kitu? Kuna kitu. Kipo kikubwa tu, na ndo maana hiyo lebo inaniuma, kwasababu imechukua jambo zuri kweli la kisayansi ikalikata miguu.

Wengi tunajua mafuta kama akiba ya nguvu na kama ukuta wa seli. Ila mafuta ni ujumbe pia. Kwenye utando wa kila seli kuna aina ya mafuta inaitwa asidi ya arakidoni imepachikwa inasubiri, seli ikishtuka, labda kirusi kimeingia, kuna kimeng'enya kinaikata kutoka kwenye utando, afu vimeng'enya vingine vinaibadilisha kuwa ujumbe. Ikipita kwa kimeng'enya cha COX inakuwa prostaglandini, ikipita kwa kile cha lipoksijenasi inakuwa leukotrieni au lipoksini. Jina prostaglandini lilitoka kwa von Euler wa Uswidi miaka ya 1930, aliiona kwenye shahawa akadhani inatoka kwenye tezi dume, jina likabaki hivyohivyo ingawa karibu kila seli mwilini inaweza kuitengeneza. Mwaka 1971 John Vane akaonyesha kwamba aspirini inafanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa hizi prostaglandini, na mwaka 1982 yeye na Bergström na Samuelsson wakapewa Nobel. Kwahiyo kila uliyewahi kumeza kidonge cha kushusha homa umeshazigusa hizi jumbe za mafuta.

Na hizi jumbe hazikai. Prostaglandini E2, ambayo ndo nitaisema sana hapa, damu ikipita kwenye mapafu mara moja tu sehemu kubwa yake imeshaharibiwa. Ni ujumbe wa jirani kwa jirani, sio tangazo la redio. Seli moja inaitoa, seli ya pembeni inaipokea kwa kipokezi chake, imeisha. Ndo maana ukisema kitu cha kumeza "kinaimarisha kinga" mwili mzima kwa pamoja, tayari umeshakosea namna kinga inavyoongea.

Sasa tuje kwenye virusi vinavyokaa. Mafua yanakuja yanapigwa yanaondoka, wiki mbili stori imeisha. Kirusi B, VVU, homa ya ini C, hivi vinakaa, na kinga inayopigana na kitu kisichoondoka inabadilika tabia. Seli T za CD8, zile za kuua seli zilizoambukizwa, zikiona adui yuleyule kila siku mwezi kwa mwezi zinachoka. Zipo, unaweza kuzihesabu, ila mikono imelegea, hazizaliani vizuri na hazitoi silaha zake. Hili lilifahamika sana kwa panya walioambukizwa kirusi chao kinachoitwa LCMV, hasa aina inayoitwa kloni 13 ambayo inakaa kwa panya muda mrefu wakati ndugu yake inaondoka ndani ya siku chache. Mwaka 2006 kwa panya haohao ikaonekana seli zilizochoka zimejaza kipokezi cha PD-1, ni breki, na ukiifungua breki hiyo seli zinaamka kiasi.

Hapo ndo mafuta yanaingia. Mwaka 2015 ikachapishwa kazi nyingine ya panya wa LCMV ikionyesha kwamba PD-1 haiko peke yake. Kwenye maambukizi ya muda mrefu seli za CD8 zinaota kwa wingi vipokezi vya prostaglandini E2, vinaitwa EP2 na EP4, na prostaglandini ikigusa pale inapandisha ujumbe wa ndani wa seli unaoitwa cAMP, ukipanda huo seli T inasikia adui kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeziba masikio kwa viganja. Walipozuia prostaglandini na PD-1 kwa pamoja seli zikafanya kazi vizuri kuliko kuzuia kimoja, na virusi vikadhibitiwa zaidi. Niliposoma hiyo nilikaa kimya kidogo. Miaka yote nimejua PD-1, inazungumzwa sana kwasababu ya dawa za kansa na Nobel ya 2018, kumbe pembeni yake kuna tone la mafuta linafanya kazi ileile taratibu.

Kwa VVU nako kuna harufu ya jambo hilohilo. Seli T za wenye VVU zimewahi kuonekana zina cAMP ya juu kuliko kawaida, na huko Norway walijaribu dawa ya kuzuia COX-2, aina mojawapo ya COX, kwa watu wachache wenye VVU ambao walikuwa hawajaanza ARV, dalili za seli T kuwashwa ovyo zikapungua. Kupungua kwa dalili kwenye kundi dogo sio tiba, naomba isichukuliwe hivyo.

Haya sasa mtu atasema basi si rahisi, tuzuie prostaglandini, tumeze dawa za maumivu kila siku. Hapana jamani. Naandika hili nikimaanisha kabisa. Kwanza ukiwa kwenye tenofovir, ile ya disoproksili hasa, dawa kama ibuprofeni na diklofenaki kwa dozi kubwa au kwa kuchanganya zinaongeza hatari kwa figo, hilo lipo kwenye karatasi ya dawa yenyewe, isome. Pili, na hili ndo kubwa, breki hazikuwekwa kwa bahati mbaya.

Fikiria kirusi B. Chenyewe hakiui seli ya ini kwa kuingia tu. Kinaweza kukaa ndani ya seli miaka, kimeacha DNA yake ya duara kwenye kiini, seli inaendelea na maisha. Kinachochoma ini ni kinga yetu wenyewe inapokuja kuua hizo seli. Ndo maana ALT, kile kipimo cha damu cha kuonyesha ini linaumia, inapanda kinga ikiamka, ndo maana kuna watu wana virusi vingi sana kwenye damu na ini lao halina mchochota, yaani ule moto wa kinga ikipigana, na kuna wengine kinga imeamka ghafla ini likazidiwa. Sasa kwenye mwili wa namna hii ukiniambia unaniuzia kitu cha "kuimarisha kinga" nakuuliza unaimarisha ipi? Ile ya kuua seli za ini langu? Kwa kasi gani? Nani anaangalia? Mtu wa kirusi B akifunguliwa breki zote kwa siku moja anaweza kuishia kitandani na macho ya njano. Prostaglandini inazichosha seli T ndio, ila wakati huohuo inazuia moto usile nyumba. Mwili umekaa katikati ya hayo mawili, haujakaa vizuri, lakini umekaa.

Na chupa hii haijui hata iko upande gani. EPA inayotoka kwenye mafuta ya samaki ikiingia kwenye utando inagombea nafasi na asidi ya arakidoni, COX ikiichukua EPA inatoa prostaglandini ya aina nyingine ambayo kwa sehemu nyingi ni dhaifu kuliko E2, na leukotrieni nayo inatoka dhaifu, halafu EPA na DHA zinazaa jumbe nyingine kabisa, resolvini na protektini, zile ambazo Charles Serhan na wenzake walizipa majina, kazi yake ni kuufunga mchochota, kuambia seli kazi imekwisha safisheni mrudi. Kwahiyo kama tunaongea ukweli hii bidhaa ikifanya kazi kabisa kwa kiwango kikubwa, inachofanya ni kutuliza! Na wao mbele wameandika inaimarisha. Ungeandika "huenda ikasaidia mwili kutuliza mchochota" ningekuelewa na ningekuheshimu.

Kuna mfano mwingine wa mafuta ambao ulinifungua macho zaidi ya prostaglandini, nauweka hapa hata kama hauko ndani ya chupa. Unaitwa sfingosini-1-fosfeti, ni mafuta yanayokaa kwa wingi kwenye damu na limfu na kwa uchache ndani ya tezi. Seli T ikiwa ndani ya tezi ya limfu, ile ambayo ikivimba kwenye nyonga tunaiita mtoki, inanusa wapi sfingosini ni nyingi inafuata huko inatoka nje kwenda kazini. Bila hiyo harufu seli haijui mlango uko wapi. Dawa ya fingolimod, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ugonjwa wa skilirosisi ya neva (multiple sclerosis), ambao kinga inashambulia neva za mwili wenyewe, inavuruga hiyo njia, seli zinabaki zimefungiwa kwenye tezi. Sasa angalia, kwa watu wanaoitumia ni lazima waangaliwe kama wana kinga ya tetekuwanga kabla ya kuanza, maana virusi vya jamii ya hepesi, hicho cha tetekuwanga kikiwemo, ambavyo vimelala mwilini miaka yote vinaweza kuamka walinzi wakifungiwa ndani. Hiyo ina mantiki kabisa. Lakini mwaka 2008 panya wenye LCMV ya kudumu walipewa dawa hiyohiyo kwa muda mfupi, na badala ya kirusi kushamiri, kinga ikakiondoa. Dawa moja, njia moja ya mafuta, kwa huyu virusi vinaamka na kwa yule vinaondoka, tofauti ni kirusi gani na muda gani na kiumbe gani. Nionyeshe hapo neno "huimarisha" linakaa wapi.

Na kolesteroli nayo, ambayo tumezoea kuitukana. Seli ikipata interferoni, ile kengele ya kirusi, inaigeuza kolesteroli kuwa 25-hidroksikolesteroli, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba hii inazuia virusi vingi vyenye gamba la mafuta visiweze kuungana na utando wa seli. Ndugu yake mwingine ndo anaonyesha seli B, zile za kutengeneza kingamwili, njia ndani ya tezi, kupitia kipokezi kinachoitwa EBI2, na hilo jina nalipenda kwasababu maana yake ni jeni linalopandishwa na kirusi cha Epstein-Barr, walikiona kwenye seli zilizoambukizwa mwaka 1993 wakakipa jina la kirusi, ikachukua mpaka 2011 kujua kinasikiliza mafuta ya kolesteroli. Epstein-Barr iko kwa watu wazima wengi mno duniani, imelala tu humo ndani ya seli B. Karibu kila anayesoma hapa anayo.

Sawa narudi kwenye kapsuli maana hii ni review ya kapsuli.

Nilipima kabla ya kuanza na baada ya miezi 6, palepale ninapopimwa siku zote. Triglisaridi zangu, yaani mafuta ya kwenye damu, zilikuwa juu kidogo zikashuka kidogo, nimefurahi, ila nilikuwa pia nimeanza kutembea jioni kwahiyo siwezi kuwapa kapsuli sifa yote. Na tukiwa wakweli, dozi inayotumiwa na madaktari kushusha triglisaridi ni mpaka gramu 4 za omega-3 kwa siku, ukipiga hesabu kwa chupa hii ni kapsuli kama 13 kila siku, hiyo ni dozi ya kusimamiwa na daktari sio ya kujipa, hasa kwasababu dozi kubwa kubwa zimehusishwa na mapigo ya moyo kwenda ovyo. ALT ilikuwa kawaida ikabaki kawaida. Wingi wa virusi ulikuwa hausomeki kwenye kipimo kabla, na baada pia hausomeki, na kazi hiyo ni ya tenofovir ambayo inakaba kimeng'enya cha kirusi cha kunakili. Antijeni ya HBsAg, ile alama kwenye damu kwamba kirusi kipo, bado ipo. Kirusi hakijafukuzwa. Ngozi ya mikono imekuwa haikauki kama zamani, hiyo nimeiona na nimeipenda.

Na sasa hasira. Kabla sijanunua chupa ya pili niliwaandikia wauzaji kwenye chati, nikauliza swali rahisi tu, mimi ni mgonjwa wa homa ya ini B natumia tenofovir, naweza kuchanganya? Jibu likaja ndani ya dakika tano na emoji ya moyo. Kwamba naweza, na kwamba wateja wao wengi "baada ya miezi mitatu hupunguza vidonge vya hospitali taratibu maana mwili unakuwa umejijenga". Nilisoma mara tatu. Nilimjibu kwa heshima, nikamweleza kwamba mtu wa kirusi B akiacha dawa bila daktari, ile DNA ya duara kwenye kiini bado ipo, kirusi kinaanza kunakiliwa upya, kinga inaamka inalivamia ini, na watu wanakufa kwa hilo. Akanijibu asante kwa maoni yako mpendwa.

Kuna dada mmoja tunajuana kwenye kundi la wagonjwa, simtaji, naye alipewa maneno kama hayo na muuzaji mwingine wa virutubisho, akaacha tenofovir akabaki na kapsuli. Wiki ya kumi na kitu mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Alilazwa. Amepona, ameirudia dawa yake, nashukuru Mungu kwa hilo kila nikiliona jina lake kwenye simu, lakini ile wiki ya kumsubiri ajibu meseji sitaisahau. Wakati ule ALT yake ilikuwa imepita elfu moja, namba ambayo mimi kwenye mashine nikiiona narudia kipimo kwanza kabla sijaamini.

Kwahiyo nani anunue. Kama unakula samaki wa mafuta kwa nadra na unataka omega-3 za kawaida, mafuta haya ni mazuri, yanunue, toboa moja unuse, meza na mlo, chupa ikae mbali na jua na jiko, ukifungua usiiweke mwaka mzima. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au unasubiri upasuaji mwambie daktari kwanza. Kama una kirusi B au VVU unaweza kumeza kama nyongeza tu, dawa zako zikiwa palepale, na mtoa huduma wako akijua. Hakuna kapsuli ya omega-3 iliyoidhinishwa kutibu kirusi chochote kati ya hivyo. Kama una homa ya ini C usipoteze hata siku moja kwenye kapsuli, hiyo inatibika sasa, vidonge wiki 8 mpaka 12 na zaidi ya asilimia 95 wanapona. Na kama hujawahi kupima B, pima, ukikuta huna uchanjwe, chanjo ipo tangu miaka ya 1980.

Dawa za kugusa hizi njia za mafuta kwa ajili ya virusi vinavyokaa zinafikiriwa, na mimi kama mgonjwa natamani sana zije. Natamani siku moja mtu anipe kitu kinachopunguza prostaglandini palepale kwenye ini kwa muda uleule unaotakiwa, seli zangu zilizochoka ziamke bila kuniunguza. Nikisoma zile kazi za panya nakuwa na matumaini ya kweli kabisa, ndo maana sitaki matumaini yangu yabandikwe kwenye chupa kwa rangi ya dhahabu kabla hayajaiva.

Wenye kiwanda nimewaandikia pia, barua pepe ya ukurasa mmoja, nimewaomba waondoe maneno mawili ya mwisho ya ile lebo, waache mengine kama wanataka. Nimewatumia picha ya chupa na namba ya toleo. Wamejibu kwamba wamepokea na wameipeleka kwa wahusika. Ni wiki ya tano leo, chupa ya nne nimeiona dukani juzi, maneno bado yapo. Nikiona yameondoka nitarudi hapa nibadilishe nyota.